Jina Ambalo Mwalimu Hakulitaja

Watu wa kijiji chetu cha Mghange walimwita Mwalimu, na mimi sitamwita vingine. Habari za ukoo wake na utoto wake wapo wanaozijua kuliko mimi, wacha wazieleze wao. Mimi nilimjua kwa miaka saba hivi, yote katika miaka ya hamsini, tangu nilipoolewa kilimani kwetu hadi siku niliyomkuta Voi na ufagio mkononi. Amekwisha kufa. Alikufa akiwa ametengwa na Meza ya Bwana, na sababu ni mimi. Nalisema hilo mwanzoni ili msomaji asije akadhani kwamba namsifu mtu huyu ili na mimi nipate sifa kidogo za kumjua.

Alikuwa mwalimu wa kanisa, yule anayefundisha darasa la ubatizo na kuongoza ibada padre asipokuwapo. Padre alikuja mara moja kwa mwezi kwa pikipiki, barabara ikiruhusu. Jumapili nyingine zote zilikuwa za Mwalimu. Alifika akiwa miguu mitupu, viatu vikining'inia shingoni kwa kamba zake, akavivaa mlangoni pa kanisa na kuvivua hapo hapo baada ya baraka. Nilimwuliza kwa nini ananunua viatu kama hataki kuvitumia. Alisema ngozi ya mguu huota tena, ya kiatu haioti. Sisi wanawake tulicheka, lakini viatu vile nilivikuta nilipoolewa na mara ya mwisho nilipoviona vilikuwa bado vizima.

Hakuwa mtu wa kupendeka upesi. Chai ya nyumbani kwake haikuwa na sukari kwa mgeni, na yake ilikuwa nayo. Ulisikia kijiko kikigonga kikombe chake kimoja tu. Akikuazima jembe, alipita kwako kila jioni, si kulichukua, ila kulitazama. Tena aliogopa radi kupita kiasi. Mvua kubwa ikianza kunguruma juu ya kilima aliacha kufundisha, akakaa chini na mgongo ukutani, akatuamuru tuimbe mpaka ipite. Siku moja mwanamume mmoja wa darasa alimtania, "Mwalimu, si wewe unatufundisha radi ni ya Mungu?"

"Najua ni ya Mungu," Mwalimu akasema. "Ndiyo maana."

Maombi yake yalikuwa mafupi mno. Miaka ile uamsho ulikuwa umepanda milima yetu, watu wakaokoka kwa makundi, na sisi tuliookoka tuliomba mpaka magoti yakafa ganzi. Tuliungama mbele za watu, tukalia, tukakumbatiana. Mwalimu alikuja kwenye mikutano yetu, akakaa karibu na dirisha, na alipoombwa afunge kwa maombi alisimama na kusema, "Bwana, unatuona. Amina." Halafu akatafuta kofia yake. Mimi nilikuwa kiongozi wa maombi ya akina mama, umri wangu haujafika hata miaka ishirini na mitano, na nilimwambia waziwazi kwamba anaomba kama mtu aliyechelewa mahali.

"Nimeomba njiani, mama," akanijibu. "Njia ni ndefu."

Nilikwenda kuwaambia wenzangu kwamba Mwalimu ni Mkristo wa jina. Tulimwombea, tena kwa kumtaja, ili naye aone nuru.

Namna yake ya kuwapima watu wa ubatizo ilikuwa maarufu mpaka ng'ambo ya pili ya bonde. Maswali ya kitabu aliuliza, na ukijibu vizuri aliitikia kwa kichwa tu. Kazi yenyewe ilianza siku nyingine, pasipo taarifa. Alikwenda kwa jirani yako kuuliza kama mpaka wa shamba umesogea tangu mvua zilizopita. Alimwuliza mkeo unafanya nini ukikuta chakula hakijaiva. Kuna mwanamume aliyekariri imani yote mbele na nyuma, na Mwalimu akamrudisha darasani mwaka mzima kwa sababu ng'ombe wake alikuwa na alama za fimbo usoni. Yule mtu alishtaki mpaka kwa padre. Padre alicheka, lakini hakumbatiza.

Mimi nilipokuja kwake kwa ajili ya kipaimara niliulizwa swali moja. "Imani yako imekugharimu nini?"

"Kila kitu," nikasema. Nilikuwa nimelisikia neno hilo mkutanoni.

"Taja kimoja," akasema.

Nikakosa. Nilikuwa msichana mwenye gauni zuri na mume mwenye kazi ya reli. Alinipitisha hata hivyo, akisema kwamba siku za kukitaja zitakuja zenyewe. Nilitoka nimeudhika, nikaamua kwamba anawaonea wivu vijana.

Jambo ambalo alikuwa mkali nalo kuliko yote lilikuwa mila za nyumbani. Hapo hakuwa na mzaha. Mama mmoja alileta mtoto darasani akiwa amefungwa uzi wa dawa kiunoni, na Mwalimu akaukata kwa kisu chake mbele ya watu wote, akamtoa yule mama kwenye orodha ya ubatizo. Yule mama alilia kwa uchungu. Sikumsikia Mwalimu akimwomba radhi hata siku moja, ingawa msimu wa kupanda uliofuata niliwaona wawili hao wakilima shamba la yule mama, kila mtu na mstari wake, hakuna anayesema na mwenzake. Na kuhusu kutasa alikuwa ndiyo usiseme. Kwa asiyejua, kutasa ni desturi yetu Wadawida: mtu mzima mwenye hasira moyoni huvuta funda la pombe ya miwa, akalinyunyiza kwa mdomo na kutamka maneno ya baraka, na hapo hasira inamtoka. Maana tuliamini, na wengi bado wanaamini, kwamba hasira ya mkubwa ikikaa moyoni bila kutolewa humkamata mtoto wa nyumba ile, akaugua. Mwalimu alifundisha kwamba Mkristo hatasi wala hatasiwi. Aliyekutwa hukalishwa nje ya Meza.

Sasa nitaeleza nilichofanya.

Baba mkwe wangu hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa mzee mkimya, mpenda miwa yake iliyoota kando ya kijito, na mara mbili tatu kwa mwaka alitengeneza pombe ya kukaribisha ndugu zake. Mwaka ule niliokuwa moto moto na wokovu, alitengeneza pombe ya kikao cha kusuluhisha ugomvi wa shamba kati yake na kaka yake. Mimi nilikwenda asubuhi, yeye akiwa malishoni, nikaimwaga yote. Vibuyu vitano. Nilimwaga huku naimba. Wageni walikuja wakakuta udongo umelowa na mzee amesimama hana la kuwapa. Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba nimemshinda Shetani nyumbani kwangu, watu wakapiga vigelegele. Mwalimu peke yake hakupiga. Baada ya ibada aliniuliza kama nimemwomba mzee msamaha. Nikamwambia msamaha wa nini, kwa kumwaga dhambi?

"Dhambi ni pombe," akasema, "lakini vibuyu vilikuwa vyake."

Mzee hakunigombeza. Aliacha tu kusema nami. Alikuja kwetu akamsalimia mume wangu aliporudi likizo kutoka Voi, akambeba Wakesho, binti yangu aliyekuwa hajatimiza mwaka, akaondoka. Mimi nilikuwa kama kiti. Miezi minne ikapita hivyo. Halafu Wakesho akaugua.

Alianza kwa kukataa kunyonya. Mwili ukawa wa moto, macho yakazama. Nilimpeleka zahanati, wakampa dawa chungu akaitapika. Akina mama wa maombi walikuja wakaomba mchana kutwa, siku tatu mfululizo, na mimi nikiwaongoza kwa sauti kubwa. Kinywani nilikuwa naomba. Moyoni nilikuwa na neno moja tu: hasira ya mzee. Niliona udongo ule uliolowa. Mimi niliyewahubiria watu kwamba nguvu hizo zimekufa, nilikuwa naziamini kuliko nilivyoamini kitu kingine chochote siku ile. Aibu yangu ya kwanza ni hiyo, nayo hakuna aliyeiona ila mimi.

Kwenda kwa mzee mwenyewe nilishindwa. Ningemwambiaje, na ningeonwaje na wenzangu nikiingia kwake? Nikaenda kwa Mwalimu. Nilimkuta anashona suruali yake, akainuka aliponiona uso.

"Mwalimu, mtoto anakufa," nikamwambia. "Nenda kwa mzee. Mwambie atoe ile hasira."

"Unajua unaniomba nini?"

"Najua."

"Mimi ndiye niliyekata uzi wa yule mama."

"Najua, Mwalimu."

Halafu akaniuliza kwa nini siendi mwenyewe nikaanguke miguuni pa mzee, maana niliyemkosea ni mimi. Nikamjibu kwamba watu wataniona. Sikusema kwa kuficha. Nilisema hivyo hivyo, watu wataniona. Aliitazama ile suruali, akaichoma sindano mahali ili asiipoteze, akasema, "Nipe mtoto."

Aliyonisimulia baadaye ni machache. Mzee alisema hatatasa peke yake kama mwizi. Mtu wa kanisa akae naye, amshike mtoto, ili ijulikane kwamba kanisa nalo limekubali lilimdharau nyumbani kwake. Basi Mwalimu akaketi juu ya kigoda, Wakesho mapajani, na mzee akavuta pombe akainyunyiza juu ya wote wawili, akasema hasira yake imetoka, mtoto apoe, nyumba ipoe. Kisha, Mwalimu alisema, mzee akalia. Mimi muda huo nilikuwa shambani, kwenye ngazi ya chini kabisa ya mteremko, nimeinama katikati ya maharagwe, nikijifanya napalilia. Mwalimu alinirudishia mtoto akiwa amefunikwa shuka. Shati lake lilikuwa limelowa na linanuka pombe.

Siku ya pili Wakesho alinyonya. Siku ya tatu alicheka. Kama ni dawa, au ni maombi ya wale akina mama, au ni mzee, hadi leo sijui, maana nilibisha hodi kila mlango na sikusubiri hata mmoja ufunguliwe. Lakini Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani, mtoto mgongoni, nikashuhudia kwamba Mungu amejibu maombi ya watakatifu. Mwalimu ndiye aliyekuwa anaongoza ibada. Alisema amina pamoja na wengine.

Dada mmoja wa ushirika wetu, aliyekuwa akitoka mtoni, alikuwa amemwona Mwalimu akitoka langoni kwa mzee na lile shati. Neno likafika kwa padre, na padre akaitisha baraza la kanisa, Jumamosi mchana. Wazee watatu walikaa mbele pamoja naye. Mimi nilikuwa benchi la pili kwa niaba ya akina mama, na Wakesho mapajani, mzima, akitafuna kona ya leso yangu.

"Mwalimu, ni kweli uliingia kwenye kutasa?" padre akauliza.

"Ni kweli."

"Ulikunywa?"

"Sikunywa. Nilinyunyiziwa."

"Na unajua mafundisho yetu?"

"Ni mimi ninayeyafundisha, padre."

Mzee mmoja wa kanisa akasema labda palikuwa na sababu. Padre akakubali. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa akimtafutia Mwalimu pa kutokea. "Hukwenda mwenyewe tu," akasema. "Nani alikuita?"

"Mtu aliyekuwa na shida."

"Mtu gani?"

"Padre, mwenye shida akitaka, atajitaja."

Padre alingoja, tena alingoja kwa muda mrefu. Niliifungua leso ya mtoto nikaifunga upya, nikaifungua tena. Mwalimu hakugeuka kunitazama, na hilo sikulishukuru. Nililiona kama bahati. Wapo waliohisi, najua, kwa kuwa mtoto aliyekuwa mgonjwa ni wangu na mzee ni mkwe wangu. Lakini nani atamshuku mtu aliyemwaga vibuyu vitano mchana peupe? Walimvua kazi ya kufundisha na kumtenga na Meza mpaka atakapotubu na kueleza yote. Alisema asante. Alipofika mlangoni alivua viatu kama kawaida yake, akavitundika shingoni, akaenda zake. Baada ya mwezi tulisikia ameshuka Voi kutafuta kibarua.

Miaka mitatu nilikaa na jambo hilo, na nitasema ukweli: halikuninyima usingizi sana. Niliendelea kuongoza maombi. Nilikuwa na sauti nzuri. Mzee alirudi kusema nami baada ya kutasa, pole pole, akampa Wakesho mbuzi, kisha akafariki tukiwa tumepatana. Nilijiambia kwamba mambo yote yameisha vizuri, ila hilo moja.

Halafu nikashuka Voi kwa lori la mboga kumtembelea mume wangu, aliyekuwa kwenye ghala la mizigo pale stesheni. Wakesho alikuwa karibu miaka minne. Tulikuwa tunavuka banda la abiria wa daraja la tatu, kwenye lile joto la Voi na vumbi lake jekundu, nikamwona mtu anafagia. Nilimjua kwa mgongo. Ningeweza kupita. Ni Wakesho aliyesimama kumtazama, na yeye akageuka.

"Mama Wakesho," akasema. "Mmeshuka na lori?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Usiniite hivyo hapa, watanicheka. Hapa mimi ni wa ufagio." Akamwinamia mtoto. "Huyu anakula?"

"Anakula sana."

"Vizuri." Akaniuliza habari za mzee, nikamwambia amefariki, akauliza kama alikufa ana amani nami, nikasema ndiyo. Alifurahi waziwazi, kama mtu aliyepewa habari za nduguye.

Nikamwuliza kama anakwenda kanisani.

"Kila Jumapili. Nakaa benchi la nyuma. Wenzangu wakienda Mezani, mimi nawashikia vitabu vyao vya nyimbo." Alisema bila kunung'unika. "Padre wa hapa ni mtu mzuri. Ameniambia atanirudisha wiki yoyote. Anataka tu nimweleze nani aliniita siku ile."

"Basi mweleze, Mwalimu," nikasema.

Lilinitoka upesi, na lilipokwisha kunitoka nikalisikia. Nilikuwa nimemtuma tena. Miaka mitatu imepita na bado ni yeye aende, mimi nibaki kwenye maharagwe. Nilitamani anikasirikie. Angenikaripia ningelia, na machozi nilikuwa mzoefu nayo, tungeungamana pale na kuondoka wepesi.

"Hapana, mama," akasema. "Hilo si langu."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nilikusamehe kabla sijafika mlangoni siku ya baraza. Msamaha wangu unao. Lakini usiniambie mimi, mimi nilikuwepo. Kawaambie wasiokuwepo." Akamshika Wakesho kichwani kidogo, akaokota ufagio. "Gari la moshi la Taveta linaingia sasa hivi, lazima nimalize hapa."

Sikumwona tena. Njiani kurudi, juu ya magunia matupu ya kabichi, nilipanga maneno. Yalikuwa machache na niliyarudia mpaka nikayashika: mimi ndiye niliyemtuma Mwalimu kwa mzee, yeye hana kosa, mrudisheni. Nilijua yatanigharimu nini. Ningevuliwa uongozi, ningekalishwa nje, na yule mama wa uzi angenitazama. Nilijiambia kwamba sasa nina kitu kimoja cha kutaja. Mpaka lori linafika Mghange nilikuwa nimekwisha kuona fahari ya kukitaja.

Jumapili ile padre alikuwapo, na ilikuwa ya Meza. Kabla ya mahubiri akauliza kama kuna mwenye ushuhuda. Nikasimama. Watu wakanigeukia kwa nyuso za furaha, kama walivyozoea, na wale wazee watatu wakakaa sawa kunisikiliza.

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe."

"Namshukuru Mungu," nikasema, "kwa kuniongoza Voi salama, mimi na mtoto, na kuturudisha salama."

Mtu akaanzisha wimbo. Nikaupokea, nikauimba mpaka mwisho, nikaketi. Wakati wa Meza ulipofika nilikwenda mbele na benchi letu, nikapiga magoti, nikanyoosha mikono. Padre aliponiwekea mkate nikasema amina, nikaula.